UZI: Hewa chafu ya Kampala inaua watu wangapi, na tutajuaje? Mbinu za takwimu na pengo letu la tarehe za vifo

Mtakwimu_Nakawa

Ndugu wanajukwaa,

Kila kiangazi kinapoingia, kuanzia Desemba hadi Februari na tena Juni hadi Agosti, vihisi vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere huonyesha chembe laini za PM2.5 (zenye upana wa mikroni 2.5 au pungufu) zikipanda jijini Kampala kupita kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, yaani mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24 na mikrogramu 5 kwa wastani wa mwaka. Papo hapo mijadala hujaa hesabu za vifo. Nimefungua uzi huu kwa sababu hesabu hizo hunukuliwa bila kuelezwa zilikotoka, na kwa sababu naamini kwamba kazi kubwa ya takwimu inayotukabili sasa haiko tena kwenye vihisi, bali iko kwenye madaftari ya vifo.

Nianze na hesabu zenyewe. Hakuna daktari anayeandika "hewa chafu" kwenye cheti kuwa ndiyo sababu ya kifo. Takwimu za kitaifa tunazozisoma hupatikana kwa kukadiria kiasi cha PM2.5 ambacho watu wanakivuta, kukioanisha na kiwango cha hatari kilichopimwa katika nchi nyingine, kisha kutafuta ni sehemu gani ya vifo vya moyo, kiharusi na mapafu isingetokea kama hewa ingekuwa safi. Mapitio yaliyofanywa kwa ajili ya miongozo ya 2021 yalikadiria kwamba kila mikrogramu 10 zinazoongezeka katika wastani wa muda mrefu wa PM2.5 huambatana na ongezeko la asilimia 8 la hatari ya kufa kwa maradhi. Kwa uwiano wa 1.08, sehemu ya vifo inayohusishwa na ongezeko hilo ni 1 toa 1/1.08, ambayo ni takriban asilimia 7.4. Hesabu hiyo ni halali na ina manufaa, lakini kiini chake, yaani ile 1.08, hakikupimwa kwa watu wa mitaa yetu ya Kampala kama Bwaise au Katwe. Kilitokana kwa sehemu kubwa na watu wa Marekani, Kanada, Ulaya na Asia ya Mashariki, ambao umri wao, maradhi yao na namna yao ya kupika ni tofauti na vyetu.

Viwango vya aina hiyo hutoka kwenye tafiti zinazofuatilia kundi la watu kwa miaka mingi. Utafiti wa miji sita uliofanywa na Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 1993, uliwafuatilia watu wazima 8,111 kwa miaka kati ya 14 na 16, ukirekodi uvutaji sigara, uzito, elimu na kazi ya kila mmoja, na ukakuta kwamba baada ya kuyazingatia hayo yote, kiwango cha vifo katika Steubenville, mji uliokuwa na hewa chafu zaidi, kilikuwa juu kwa asilimia 26 kuliko Portage, uliokuwa na hewa safi zaidi. Nguvu ya utafiti ule ni kwamba taarifa za sigara na kazi zilikuwa za mtu mmoja mmoja. Atakayelinganisha Kampala na Fort Portal kwa wastani wa jumla tu, bila taarifa za watu wenyewe, atakuwa analinganisha umri, kipato, VVU na hospitali za miji hiyo miwili, kisha anaipa hewa lawama au sifa isiyo yake.

Mbinu ya pili ni mfululizo wa siku kwa siku, na hiyo ndiyo ninayotaka tuijadili kwa kina. Hapa mji haulinganishwi na mji mwingine. Unalinganishwa na wenyewe, leo na juzi. Moshi wa London wa tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 haukuhitaji hesabu ngumu, kwa kuwa vifo viliruka waziwazi: makadirio ya mwanzo yalisema 4,000, na uchambuzi wa baadaye ukafikisha takriban 12,000. Katika siku za kawaida athari ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Utafiti wa miji 652 katika nchi 24, uliochapishwa mwaka 2019 (Uganda haikuwamo), ulikuta kwamba ongezeko la mikrogramu 10 za PM2.5 huambatana na ongezeko la asilimia 0.68 la vifo vya siku. Katika mji unaorekodi vifo 20 kwa siku, hicho ni kama kifo kimoja cha ziada kila baada ya siku saba. Hakuna mhudumu wa mochwari atakayekigundua; kinagunduliwa na modeli tu.

Modeli yenyewe kwa kawaida ni rigresheni ya Poisson (mlinganyo wa kukadiria matukio yanayohesabika), kwa kuwa vifo ni idadi inayohesabika, ikiwa na marekebisho ya mtawanyiko unaozidi ule ambao Poisson inautarajia. Ndani yake huwekwa siku ya wiki, mkunjo laini wa wakati unaoondoa misimu na mabadiliko ya miaka, na hali ya hewa. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachoulizwa: je, siku ambazo chembe zilizidi matarajio, vifo navyo vilizidi matarajio?

Hapo ndipo Kampala inapotofautiana na vitabu. Katika miji ya kaskazini, kigezo kinachovuruga zaidi (yaani kinachogusa hewa na vifo kwa pamoja na kuchanganya matokeo) ni joto, kwa sababu baridi kali na joto kali vyote huua. Kwetu joto halibadiliki sana mwaka mzima. Kigezo kinachovuruga zaidi ni mvua. Mvua huosha hewa na kutuliza vumbi la barabara zisizo na lami, na mvua hiyohiyo, wiki kadhaa baadaye, huleta malaria. Asiyeiweka mvua kwenye modeli, tena pamoja na siku zake za kuchelewa (yaani mvua ya siku na wiki zilizopita), anaweza kukuta kwamba hewa inapokuwa safi ndipo watu wanapokufa zaidi, na matokeo hayo yatakuwa yanapotosha kabisa. Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likijadiliwa vya kutosha: siku za mvua sigiri huhamishiwa ndani ya nyumba. Kwa hiyo kihisi cha barabarani kinaweza kuonyesha nafuu wakati mama na mtoto wake wa mtaa wa Kisenyi wanavuta moshi mwingi kuliko jana.

Swali langu kwa wanaofanya kazi hospitalini na kwenye halmashauri ni hili: tuna daftari gani la vifo vya Kampala ambalo tarehe zake zinaaminika?

Musawo_wa_Zamu

Mwalimu, asante kwa uzi huu. Nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi, na naomba niseme kinachotokea kwenye daftari, kwa kuwa naona wengi wanaochambua data hawajawahi kulishika.

Mgonjwa akifariki saa tisa usiku, kifo huandikwa na muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye zamu yake ilianza tarehe ya jana. Wapo wanaoandika tarehe ya jana kwa sababu ndiyo iliyoko juu ya ukurasa, na wapo wanaoandika ya leo. Mwili ukifika mochwari asubuhi, daftari la huko lina tarehe ya kupokelewa, na mara nyingi hiyo ndiyo inayoingizwa kwenye kompyuta. Aliyefia nyumbani Ijumaa usiku na kuletwa Jumapili huonekana amekufa Jumapili. Zaidi ya hapo, familia nyingi za Kiislamu huzika siku hiyohiyo bila kupitia mochwari, kwa hiyo atakayetumia daftari la mochwari peke yake ataikosa sehemu kubwa ya jamii.

Kuna pia suala la mahali. Wengi wanaofia katika hospitali kubwa za rufaa wameletwa kutoka Luweero, Mubende au Kayunga wakiwa mahututi. Hawakuwa wakivuta hewa ya Kampala. Na wakazi wa Kampala wanaougua sana hurudishwa kijijini wakafie kwao. Je, modeli inajua hayo?

Mtakwimu_Nakawa

Musawo, umeeleza kwa aya tatu kile ambacho ripoti nyingi hazikigusi. Modeli haijui lolote kati ya hayo isipokuwa tuiambie.

Kosa la siku moja katika tarehe si mwisho wa utafiti. Kama wengine wanaandika jana na wengine leo bila kufuata hali ya hewa, athari haigeuki upande. Inasambaa kati ya siku ya kifo na siku ya jirani, na kwa sehemu inafifia. Ndiyo maana watafiti wengi, wakiwemo wale wa miji 652, hutumia wastani wa PM2.5 wa leo na jana badala ya siku moja. Kosa linalonitia hofu zaidi ni lile la Ijumaa kuwa Jumapili, kwa sababu linafuata siku ya wiki, na uchafuzi nao unafuata siku ya wiki: magari hupungua Jumapili. Makosa mawili yanayofuata kalenda moja hutengeneza uhusiano usiokuwepo.

Dawa yake ninayoipendekeza ni muundo ambao kila marehemu hulinganishwa na yeye mwenyewe katika siku nyingine. Wazo hili lilitolewa na mtafiti Maclure mwaka 1991. Tuchukue mtu aliyefariki Jumatano tarehe 12 Februari 2025. Siku zake za kulinganisha ni Jumatano nyingine za mwezi huohuo, yaani tarehe 5, 19 na 26. Tunauliza kama PM2.5 ya mtaani kwake ilikuwa juu tarehe 12 kuliko tarehe hizo tatu. Umri wake, sigara zake, umaskini wake, hali yake ya VVU na jiko lake haviingii kwenye hesabu, kwa sababu mtu ni yuleyule na mambo hayo hayabadiliki ndani ya mwezi mmoja. Siku ya wiki imelinganishwa kwa Jumatano kukutana na Jumatano, na msimu umedhibitiwa kwa kubaki ndani ya mwezi. Kinachobaki kurekebishwa ni vitu vinavyobadilika ndani ya mwezi wenyewe, na kwetu hiyo ni mvua, hasa Machi na Septemba ambapo nusu ya kwanza yaweza kuwa kavu na ya pili mvua tupu.

Wapo watakaouliza kwa nini zisichukuliwe siku za kabla ya kifo pekee. Ni kwa sababu kama uchafuzi ulikuwa ukipanda mwezi mzima, siku za kabla zitakuwa safi zaidi kila mara, na utapata "athari" ambayo ni mwelekeo wa msimu tu. Mwezi lazima ugawanywe kabla ya kujua kifo kimeangukia wapi.

Kuhusu mahali, muundo huu unatusaidia pia, mradi parokia (kitengo cha utawala, si cha kanisa) au mtaa wa makazi umeandikwa. Aliyeletwa kutoka Kayunga juzi tunaweza kumwondoa au kumchambua peke yake. Bila safu hiyo moja ya makazi, tunamhesabu kama mtu wa Kampala na kumpa hewa ambayo hakuivuta.

Mchumi_Ntinda

Ndugu Mtakwimu, nakubaliana na hoja zako, lakini naona unatuzungusha wakati tuna jaribio la asili mikononi, yaani tukio lililobadilisha hewa bila mtafiti kulipanga. Mwishoni mwa Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, magari ya abiria, bodaboda za kubeba watu na magari binafsi yalisimamishwa, na mwaka 2021 kufungwa kwa nchi kukarudiwa kuanzia Juni. Kwa nini tusichukue vifo vya kabla na vya wakati ule, tukatoa tofauti?

Mtakwimu_Nakawa

Mkuu, kwa upande wa hewa kipindi kile kina thamani kubwa. Kwa upande wa vifo nakikataa, na nitaeleza sababu.

Usafiri ule ule uliopunguza moshi ndio uliokuwa ukiwapeleka wajawazito na wagonjwa hospitalini. Ajali za barabarani zilipungua kwa sababu zisizohusiana kabisa na PM2.5. Vifo vya nyumbani, ambavyo hata siku za kawaida haviandikwi vizuri, havikuwa na njia ya kufika kwenye daftari, hivyo vifo vilivyorekodiwa vingeweza kupungua huku vifo vya kweli vikiongezeka. Juu ya yote hayo, Machi hadi Mei ni masika, na hewa ingesafika kwa kiasi fulani hata kama magari yangeendelea. Kila kitu kilibadilika siku moja, kwa hiyo hakuna kinachoweza kutengwa.

Majaribio ya asili yanahitaji kundi la kulinganisha. Dublin ilipiga marufuku uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi mwezi Septemba 1990. Uchambuzi wa mwaka 2002 ulisema vifo vya moyo na mishipa vilishuka kwa asilimia 10.3 na vya mfumo wa upumuaji kwa asilimia 15.5. Watafiti waliporudi na kulinganisha na maeneo ya Ireland ambayo hayakuguswa na marufuku, waliona vifo vya moyo vilikuwa vikishuka huko pia, na sehemu ile ya matokeo haikusimama tena. Ile ya upumuaji ilibaki. Nauheshimu sana urejeaji ule, kwa kuwa marufuku ilikuwa tayari imeshangiliwa duniani kote na ingekuwa rahisi kunyamaza.

Hata mbinu inayosifiwa na wachumi, ya kulinganisha pande mbili za mpaka, ina mtego wake. Nchini China, serikali ilitoa ruzuku ya makaa ya kupashia nyumba joto kaskazini mwa Mto Huai pekee. Utafiti wa 2013 ulipata tofauti ya miaka 5.5 ya umri wa kuishi. Ule wa 2017, wenye data mpya, ulipata miaka 3.1. Utafiti wa kwanza ulikosolewa kwa jinsi mkunjo wa kihesabu uliochaguliwa ulivyoathiri ukubwa wa mruko pale mpakani. Mwelekeo ni uleule, lakini ukubwa unategemea uamuzi wa mchambuzi, na uamuzi huo lazima uwekwe wazi mbele ya wasomaji.

Mwanafunzi_Wandegeya

Shikamoo mwalimu. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili na nilipanga kutumia vifo vya mwaka mmoja vya hospitali moja, pamoja na data ya vihisi. Je, inatosha? Pia ningependa kujua kama programu ya R inaweza kuaminiwa kwa mipangilio yake ya kawaida.

Mtakwimu_Nakawa

Marahaba. Tufanye hesabu hapa hapa ili na wengine waione.

Kosa sanifu (yaani kiasi ambacho kadirio letu linaweza kuyumba kwa bahati tu) la kiwango tunachokitafuta, kwa kukadiria, ni 1 gawanya kwa zao la mkengeuko sanifu wa PM2.5 (yaani jinsi vipimo vinavyotawanyika kuzunguka wastani) na kipeuo cha pili cha jumla ya vifo. Mkengeuko ninaousema ni ule unaobaki baada ya msimu, siku ya wiki na mvua kuondolewa. Tuseme ni mikrogramu 15, na tuseme athari ya kweli ni ile ya asilimia 0.68 kwa mikrogramu 10. Basi athari kwa mkengeuko mmoja ni kama asilimia 1.02. Ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuigundua, athari hiyo inapaswa kuwa mara 2.8 ya kosa sanifu. Ukigeuza mlinganyo, unahitaji jumla ya vifo karibu 76,000.

Kwa vifo 20 vinavyorekodiwa kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 10. Kwa vifo 60 kwa siku, ni miaka mitatu na nusu. Hospitali moja kwa mwaka mmoja haitakupa jibu, na hatari kubwa si kukosa jibu bali ni kupata jibu la bahati: katika utafiti mdogo, matokeo yanayovuka mstari wa 0.05 (kizingiti cha kawaida cha kusema matokeo si ya bahati tu) karibu kila mara huwa yamekuzwa kuliko ukweli. Nakushauri ubadili swali. Tumia waliolazwa kwa pumu na nimonia, ambao ni wengi kuliko waliokufa, au fanya tathmini ya ubora wa tarehe na makazi katika madaftari. Hilo la pili litaonekana dogo kwa wasimamizi wako, lakini nchi inalihitaji kuliko modeli nyingine mia moja.

Kuhusu programu, liamini lile ulilolikagua. Utafiti mkubwa wa miji 90 ya Marekani ulikuwa umetangaza ongezeko la asilimia 0.41 la vifo kwa kila mikrogramu 10 za PM10 (chembe za hadi mikroni 10). Mwaka 2002 watafiti wenyewe waligundua kwamba mpangilio wa kawaida wa programu ya takwimu ya S-Plus ulikuwa unasimamisha hesabu mapema mno. Walipoukaza, jibu likawa asilimia 0.27, na kwa modeli ya aina nyingine 0.21. Athari haikutoweka, lakini nusu yake ilikuwa imetokana na kitufe ambacho hakuna aliyekigusa.

Mzee_wa_Kireka

Nimesoma yote kwa makini. Mimi si mtaalamu, ila nina swali moja. Wanaokufa siku za vumbi si ndio wale waliokuwa mahututi tayari, ambao wangekufa wiki ileile? Kama ni hivyo, kwa nini tusumbuke?

Mtakwimu_Nakawa

Mzee wangu, swali lako limewashughulisha wataalamu kwa miongo kadhaa, na linajibika kwa data. Kama hewa chafu ingekuwa inawavuta mbele kwa siku chache tu wale waliokuwa wanaondoka, basi baada ya siku mbaya tungeona vifo vikishuka chini ya kawaida, kwa kuwa waliotarajiwa kufa wiki inayofuata wangekuwa wameshakufa. Ndiyo maana hutumika modeli zinazosambaza athari juu ya siku nyingi za kuchelewa, kuanzia siku ya kwanza hadi hata mwezi mmoja au zaidi, kisha kujumlisha. Katika miji kadhaa ya Ulaya, walipojumlisha siku nyingi athari haikufutika, iliongezeka. Pia linganisha asilimia 0.68 ya siku kwa siku na ile asilimia 8 ya tafiti za miaka mingi, kwa mikrogramu 10 zilezile. Kama kungekuwa na kusogezwa kwa siku chache tu, tafiti za muda mrefu zisingeona chochote. Hizo asilimia 8 ni watu waliopoteza miaka ya maisha, na wengi wao hawakuwa wagonjwa mahututi asubuhi yoyote ile.

Musawo_wa_Zamu

Nimeelewa, mwalimu. Basi niambie jambo la kutendeka. Nikizungumza na wenzangu wa zamu na mtunza kumbukumbu, ni safu zipi tuzisimamie? Usiniambie ishirini, maana usiku muuguzi mmoja ana wodi nzima.

Mtakwimu_Nakawa

Nne zinatosha, Musawo. Tarehe na saa ya kifo chenyewe, ikiwa imetengwa waziwazi na tarehe ya kupokea mwili. Parokia na wilaya aliyokuwa akiishi kabla ya kuugua, si kijiji atakachozikwa. Tarehe aliyolazwa, ili tujue hewa ya mwisho aliyoivuta nje ya wodi ni ya siku gani. Na umri. Sababu ya kifo ni muhimu, lakini ikiandikwa ovyo tunaweza kuanza na vifo vyote vya maradhi, tukatoa ajali na majeraha, na bado tukapata jibu la maana. Tarehe ikiandikwa ovyo hatuna pa kuanzia.

Hospitali chache za jiji zikianza kuandika hivyo na zikakubali kuunganisha orodha zisizo na majina, ile hesabu ya 76,000 inakuwa kazi ya miaka michache. Mwanafunzi wa Wandegeya, kama unabadilisha pendekezo lako, wasiliana na Musawo hapa jukwaani muanze na kulinganisha daftari la wodi na la mochwari kwa mwezi mmoja, mwone ni vifo vingapi vina tarehe mbili tofauti.